Ndimu, Nanaa na Barafu

Mojito ya barafu ni kokteli ya ramu nyeupe, maji ya ndimu, sukari na majani ya nanaa, inayosagwa pamoja na barafu hadi iwe nzito kiasi cha kuchoteka kwa kijiko. Mizizi yake iko Kuba, kwani imerithi sura yake kutoka kwa vinywaji viwili vya kisiwa hicho. Mojito ya kawaida haisagwi: nanaa hukandamizwa taratibu ndani ya glasi pamoja na sukari na ndimu, kisha hufuata ramu, vipande vya barafu na maji ya soda. Daikiri, iliyopewa jina la kijiji cha Daiquirí karibu na Santiago de Cuba, ni ramu, ndimu na sukari basi. Simulizi iliyoenea humtaja Jennings Cox, mhandisi Mmarekani wa migodi ya chuma ya eneo hilo, kuwa ndiye aliyeichanganya mwishoni mwa karne ya 19. Kutoka kwa mojito ilichukuliwa nanaa, na kutoka kwa daikiri, iliyoanza kusagwa baadaye, ukachukuliwa usagaji.

Usagaji huo ulihitaji vitu viwili ambavyo nchi za joto zilivikosa kwa muda mrefu, barafu na mashine. Barafu ilitangulia. Mwaka 1806 Frederic Tudor, mfanyabiashara wa Boston, alipeleka Martinique shehena ya barafu iliyokatwa kwenye mabwawa ya Massachusetts wakati wa kipupwe. Watu wa mjini kwake walimcheka, lakini biashara ilishika, na Havana ikawa miongoni mwa masoko yake ya mwanzo. Mashine ilikawia zaidi ya miaka mia moja. Stephen Poplawski wa Wisconsin aliomba hataza ya chombo chenye makali yanayozungukia chini mwaka 1922, akiwalenga wauzaji wa vinywaji vya maziwa. Mwaka 1937 Fred Waring, kiongozi wa bendi ya muziki, alianza kunadi blenda ambayo baadaye ilichukua jina lake, akiitembeza katika hoteli na mabaa alikokwenda kupiga muziki.

Wakati huo Havana ilikuwa imekwisha kuzoea wageni wenye kiu. Marekani ilipiga marufuku vileo kuanzia 1920 hadi 1933, na Wamarekani wenye uwezo walivuka bahari kwenda kunywa Kuba. Katika baa ya El Floridita, Constantino Ribalaigua Vert, Mkatalani aliyehamia Havana akiwa kijana, aliigeuza daikiri ikawa kinywaji cha barafu iliyosagwa, akitumia mashine ya umeme. Ernest Hemingway alikuwa mteja wake, na katika riwaya *Islands in the Stream*, iliyochapishwa mwaka 1970 baada ya kifo cha mwandishi huyo, mhusika mkuu anakunywa daikiri za barafu zisizo na sukari hapo hapo Floridita. Mwaka 1971 Mariano Martinez, mwenye mkahawa wa Dallas, aligeuza mashine ya aiskrimu laini ikawa ya kutengenezea magarita ya barafu. Mashine hiyo sasa imehifadhiwa katika jumba la makumbusho la Smithsonian, Washington. Tangu hapo kila kokteli ya ndimu ilipata ndugu yake wa barafu, mojito ikiwamo.

Anayeitengeneza nyumbani hana budi kuelewa kwanza kwamba barafu humu ni kiungo, na kwa uzito huzidi viungo vingine vyote. Katika glasi nne, zaidi ya nusu ya kilichomo ni barafu, iliyoyeyuka na isiyoyeyuka. Gramu moja ya barafu ikiyeyuka humeza joto linalotosha kuipandisha gramu moja ya maji kutoka nyuzi 0 hadi 80 za Selsiasi. Ndiyo sababu inapoza vizuri hivyo. Lakini ubaridi huo hulipiwa kwa maji, kwani kila gramu iliyofanya kazi hiyo imekuwa maji ndani ya kinywaji. Viungo vikiingia kwenye blenda vikiwa na joto la jiko la Dar es Salaam mwezi Februari, nyuzi 30 au zaidi, barafu nyingi huyeyuka kabla ya uzito kujengeka, na kinachotoka ni juisi iliyochujuka.

Dawa yake ni kupoza kila kitu mapema. Ramu ya asilimia 40 haigandi katika friza ya nyumbani, ambayo kwa kawaida huwa na nyuzi 18 chini ya sifuri. Hugeuka nzito kidogo, chupa ikaota ukungu, basi. Mililita 240 za ramu zikitoka frizani badala ya kabatini huokoa zaidi ya gramu 100 za barafu zisiyeyuke. Shira na maji ya ndimu hutosha kukaa sehemu ya chini ya friji. Hata jagi la blenda likipozwa husaidia, ingawa mwandishi wa makala hii, aliyekuwa akitengeneza kinywaji hiki nyumbani kwake Dar es Salaam katika miezi ya kaskazi, aliona kuwa faida ya jagi ni ndogo ikilinganishwa na ya ramu, na friza yenye samaki wa wiki nzima haina nafasi ya jagi.

Barafu yenyewe ina madaraja. Iliyo bora ni ile iliyotoka frizani wakati huo huo, kavu, inayonata vidoleni. Iliyokaa kwenye ndoo sebuleni ikingoja wageni imeshavaa maji, na maji hayo huingia kwenye kinywaji bila kupoza chochote. Katika mitaa ya Dar es Salaam si lazima mtu awe na friza kubwa, kwani nyumba nyingi huuza barafu, za maji kwa wenye shughuli, na za ukwaju au ubuyu kwa watoto. Swali la kumuuliza muuzaji ni moja tu, kama maji yalichemshwa. Wapo wanaodhani ramu huua vijidudu vya maji machafu. Haiui. Kinywaji kilichokamilika kina kileo cha asilimia 8 hivi, kiasi kisichosafisha kitu. Mapande makubwa ya barafu yanayouzwa kwa ajili ya samaki yaachiwe samaki.

Jambo la pili, ambalo ndilo hasa linalotofautisha mkono wenye uzoefu na mkono mgeni, ni kwamba baridi huficha ladha. Ulimi uliopozwa husikia utamu hafifu kuliko ulimi wa kawaida, na harufu, ambayo hubeba sehemu kubwa ya kinachoitwa ladha, hupanda kwa uvivu kutoka kwenye kitu kilichoganda. Katika mwaka mmoja wa mikusanyiko ya Jumapili, mwandishi alikuwa akisaga jagi la kileo kwa wanaokunywa na jingine lisilo na kileo kwa shangazi yake, mama wa Kitanga asiyegusa pombe. Shangazi alionjeshwa mchanganyiko kabla ya barafu, akakunja uso akasema ni mkali na sukari imezidi. Ulipokwisha kusagwa alionja tena mchanganyiko ule ule.

“Mwanangu,” alisema, “ndimu umeionea huruma.”

Kwa hiyo mchanganyiko unaoingia kwenye blenda unapaswa kupita kiasi kidogo ukionjwa ukiwa bila barafu: mtamu kuliko unavyopendeza na mchachu kuliko unavyovumilika. Barafu itausawazisha mara mbili, kwanza kwa maji yake, pili kwa kuuziba ulimi. Kipimo cha mojito ya kawaida kikihamishiwa kwenye blenda bila kubadilishwa hutoa kitu chenye baridi nyingi na ladha ya mbali. Daikiri ya Hemingway isiyo na sukari ni ya wachache, kwani baridi ikishaficha utamu wa balungi na matone ya likeri ya cheri yaliyotiwa humo, kinachobaki mbele ni ramu na uchachu.

Ndimu ya pwani ya Afrika Mashariki, ndogo, ya mviringo, yenye ganda jembamba na mbegu nyingi, ni ya jamii moja na ile inayotumika sana katika visiwa vya Karibi. Ile kubwa isiyo na mbegu, inayojaa maduka makubwa ya Ulaya na Marekani, ni mseto wa aina nyingine. Ina juisi nyingi na harufu ya upole zaidi. Zote zinafaa. Ndimu nzuri sokoni hutambulika kwa uzito mkononi kuliko kwa rangi. Ya manjano kidogo mara nyingi ina maji mengi kuliko ya kijani kibichi ngumu. Ikiviringishwa mezani chini ya kiganja kabla ya kukatwa hutoa juisi kwa urahisi zaidi. Hukamuliwa siku ile ile ya kunywa, kwa kuwa juisi iliyolala hupoteza harufu yake ya juu na kubaki uchachu mtupu. Mbegu huchujwa zote, maana blenda ikizipasua huacha uchungu usiofichika hata kwa baridi. Ganda nalo halisagwi. Wabrazili wana kinywaji chao cha ndimu nzima na maziwa mazito, lakini wao husaga kwa sekunde chache na kuchuja papo hapo, kabla uchungu wa sehemu nyeupe ya ganda haujatoka.

Kuna tahadhari moja ambayo vitabu vingi vya mapishi huipita kimya. Ganda na maji ya ndimu yana kemikali zinazoifanya ngozi iungue kwa mwanga wa jua. Anayekamua ndimu barazani mchana, kisha akakaa juani bila kunawa, anaweza kuona siku moja au mbili baadaye mabaka mekundu, pengine malengelenge, na alama nyeusi zinazodumu wiki kadhaa. Mara nyingi hudhaniwa ni mzio au kuungua kwa mafuta. Kukamulia ndani na kunawa kwa sabuni kunatosha kuepusha yote hayo, na watoto wanaosaidia kazi hiyo wasimamiwe zaidi, kwa sababu hujipaka hadi viwikoni.

Nanaa inahitaji uangalizi kuliko kiungo kingine chochote humu. Inayouzwa mafungu sokoni kwa ajili ya chai na pilau kwa kawaida ni ile yenye harufu tamu, na ndiyo inayofaa. Aina nyingine, yenye mentoli nyingi, hufanana na peremende na kuutawala ulimi. Mentoli huamsha mishipa ile ile ya fahamu inayohisi baridi, na kwa hiyo kinywaji chenye mentoli huonekana baridi kuliko kilivyo. Katika kinywaji kilichokwisha kuwa chini ya nyuzi 0, hilo ni kuzidisha. Wakuba hutumia nanaa yao wanayoiita yerba buena, pole na yenye majani mapana.

Shida ya nanaa ni rangi. Jani likikatwa na makali ya blenda, vimeng'enya vyake hukutana na hewa na kuligeuza kahawia, kama tunda lililomenywa linavyogeuka. Katika dakika kumi kijani kinachong'aa kinakuwa rangi ya maji ya mtaro, na mgeni hunywa kwa macho kabla ya mdomo. Njia inayoaminika ni kuyatumbukiza majani kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 15, kisha mara moja kwenye maji ya barafu, na kuyakamua. Joto hulemaza vimeng'enya, na rangi hudumu alasiri nzima. Harufu hupungua kidogo, na fidia yake ni kichwa cha nanaa mbichi kinachochomekwa kwenye glasi karibu na mrija, ili pua ipate kilichopungua. Mashina huachwa nje, kwa sababu mashina yaliyosagwa yana ladha ya majani ya malisho. Asiye na subira ya kuchemsha maji anaweza kutumia majani mabichi, mradi asage kwa muda mfupi na agawe mara moja. Tofauti ya ladha ni ndogo, ya sura ni kubwa.

Sukari haiwekwi kavu. Katika kitu baridi kiasi hiki chembe haziyeyuki, hubaki chini zikikwaruza meno. Hutumika shira nyepesi, sukari na maji kwa uzito sawa, ikapashwa moto mpaka sukari iyeyuke na kuachwa ipoe. Si shira nzito ya kaimati, ambayo hupikwa hadi ivute uzi. Sukari ina kazi nyingine zaidi ya utamu. Pamoja na kileo, huzuia maji yasigande yote, na ndiyo inayofanya kinywaji kiwe laini badala ya kuwa vipande vya kioo ndani ya maji. Anayepunguza sukari kwa ajili ya afya atapata kinywaji chenye chenga, na inafaa ajue hivyo mapema kabla ya kuilaumu blenda. Kuhusu ramu, iliyo nyeupe na ya bei ya kati inatosha. Kununua ramu ya miaka kumi na miwili kisha kuizika chini ya barafu ni ubadhirifu, kwa kuwa manukato yaliyolipiwa hayatasikika.

Kwa glasi nne, kipimo kilichomridhisha mwandishi ni mililita 240 za ramu iliyotoka frizani, mililita 120 za maji ya ndimu, ambazo hutokana na ndimu 6 hadi 10 kulingana na ukubwa wake, mililita 150 za shira, kiganja kimoja kilichojaa majani ya nanaa, chumvi kidogo sana ya ncha za vidole na gramu 650 za barafu. Chumvi haisikiki, hupunguza tu uchungu wa ndimu. Vimiminika hutangulia kwenye jagi, pamoja na nanaa, vikasagwa kwa sekunde kumi hivi. Barafu hufuata, nusu kwanza, halafu iliyobaki. Vimiminika visipotangulia, makali huzunguka kwenye pango tupu chini ya barafu na mota ikapata moto bure. Blenda ndogo za nyumbani hupenda barafu iliyovunjwavunjwa kwanza kwa mchi ndani ya taulo. Kusaga kunakoma sauti inapobadilika, mgongano wa vipande unapokwisha na kubaki mvumo mmoja mzito. Kuendelea baada ya hapo ni kupasha moto, kwa maana makali yanayozunguka nayo hutoa joto.

Maji ya soda hayasagwi kamwe. Gesi yake hupanuka ghafla na kurusha kifuniko. Anayetaka mchomo wa mojito ya kawaida hujaza glasi robo tatu na kumalizia kwa vijiko viwili vitatu vya soda iliyopozwa.

Palipo na mashaka ya umeme, au pasipo na blenda kabisa, iko njia nyingine ambayo kwa maoni ya mwandishi inazidi ya kwanza pale wageni wanapokuwa wengi. Barafu huondolewa kwenye kipimo na badala yake huwekwa mililita 600 za maji safi. Nanaa hulowekwa kwenye shira ikiwa vuguvugu kwa nusu saa, ikachujwa. Mchanganyiko wote humiminwa kwenye chombo bapa chenye kifuniko na kulala frizani. Kwa kuwa kileo na sukari vimo humo, haugandi ukawa jiwe. Hushika, lakini hukwaruzika kwa uma na kuvunjika kuwa chenga. Umeme ukikatika saa mbili kabla ya wageni kufika hakuna kilichoharibika, mradi mlango wa friza usifunguliwe ovyo. Chenga zake ni kubwa kuliko za blenda, na wapo wanaozipenda zaidi kwa sababu hiyo.

Bila kileo hesabu hubadilika. Ndimu na nanaa zilizosagwa na barafu ni kinywaji cha heshima chenyewe, kinachouzwa katika mikahawa ya Muscat, Dubai na kote Ghuba, na Waswahili wanaoishi huko hukiagiza wakati wa joto bila kukifikiria kuwa ni mojito iliyopunguzwa kitu. Kwa kuwa ramu haimo, kinachozuia kuganda ni sukari pekee. Kwa hiyo shira huongezwa kidogo, maji baridi huchukua nusu ya nafasi ya ramu, na kinywaji hunywewa mara moja. Kikirudishwa frizani kitatoka kimekuwa bonge. Njia ya kulaza usiku haifai hapa, isipokuwa kwa anayekusudia kuwauzia watoto barafu.

Nairobi nayo ina kokteli yake ya ndimu, dawa, ya vodka, ndimu na asali, inayofuata mfano wa kaipirinya ya Brazili, ambayo wageni wa mkahawa wa Carnivore huikoroga kwa kijiti chenye asali. Wengine wamejaribu kuisaga na barafu. Asali ikikutana na baridi huganda na kunata chini ya makali, kwa hiyo huyeyushwa kwanza katika maji ya moto sawa na ujazo wake, ikatumika kama shira.

Mojito ya barafu hugawiwa katika glasi zilizopozwa, fupi na pana, kwani glasi ndefu huacha chenga juu na maji chini. Kila glasi ya kipimo kilichotajwa ina mililita 60 za ramu, sawa na toti mbili, na baridi huificha ramu kama inavyoficha sukari. Ndiyo maana mwenyeji hugawa yeye mwenyewe badala ya kuliacha jagi mezani, na anayeendesha gari hupewa la shangazi. Kilichobaki hufunikwa na kurudishwa frizani, ambako hudumu siku kadhaa kikiwa cha kuliwa kwa kijiko; rangi hufifia kwanza, harufu baadaye. Jagi huoshwa mara moja kwa maji ya moto, kabla nanaa haijakauka chini ya makali, mahali ambapo brashi haifiki.